Fedha ya Potosí Haikukosa Njia

Mwenyekiti amenipa nusu saa nizungumzie jiografia, historia, uchumi na utamaduni wa Bolivia. Nusu saa! Basi jiografia mtaisoma kwenye ramani. Mimi naanza na swali ninaloulizwa kila niendapo: "Mzee, Bolivia si maskini kwa sababu haina bahari?"

Pwani walikuwa nayo, Chile ikaitwaa katika vita vilivyoanza 1879, na mkataba wa 1904 ukapiga muhuri. Mpaka leo kila tarehe 23 Machi wanaiadhimisha bahari yao, na jeshi la wanamaji wanalo, hupiga doria Ziwa Titicaca. Mnacheka. Wao hawacheki, walifika hadi The Hague, na mwaka 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema Chile hailazimiki kujadiliana nao. Nawahurumia. Lakini kama bahari ndiyo dawa, nielezeni Potosí.

Potosí ni mji wa Bolivia ulio juu zaidi ya mita 4,000, miguuni pa mlima uitwao Cerro Rico, yaani Mlima Tajiri. Wahispania walianza kuchimba fedha pale 1545. Miaka mia haijaisha, mji una watu kama 160,000, kwenye baridi ya kukausha midomo. Fedha ilishuka mgongoni mwa lama, mnyama wa mizigo wa huko, hadi bandari ya Arica, ikapakiwa melini hadi Panama, ikavushwa nchi kavu, ikapanda meli tena kwenda Hispania. Nyingine iliishia China. Na ninyi watu wa pwani, ile reale mnayoisikia kwenye hadithi za mahari ya bibi zenu, mnadhani neno limetoka wapi? Real ni sarafu ya Kihispania, na Potosí walikuwa na kiwanda cha kuzifua. Hapa husimama mwalimu mmoja kunikumbusha kwamba neno limepitia kwa Waarabu. Limepitia, sawa. Hata muhogo umepitia kwa Wareno, lakini kwao ni Amerika Kusini.

Fedha, basi, haikukosa njia ya kufika baharini. Iliijua njia kuliko tai.

Ndugu yangu wa Kampala, mkono wako nauona. Unataka kusema kontena kutoka Mombasa lina gharama. Lina gharama! Sijasema bandari haina faida. Nauliza mwenye mzigo ni nani.

Kuanzia 1573 Francisco de Toledo, mtawala aliyewekwa na mfalme wa Hispania, aliichukua mita, desturi ya Wainka, waliotawala kabla ya Wahispania, ya kufanya kazi kwa zamu, akaigeuza shuruti. Kila mwaka mwanamume mmoja kati ya saba katika wilaya zilizoteuliwa alipelekwa mgodini. Kwa jumla watu kama 13,000. Walisafiri na wake, watoto na lama zao, wengine majuma kadhaa. Kisha ni kupanda ngazi za ngozi kutoka shimoni, mzigo mgongoni, mshumaa umefungwa kidoleni. Juu, wenzao wanakanyaga kwa miguu tope la madini lililochanganywa na zebaki ya Huancavelica, mgodi wa Peru. Zebaki, sumu ile! Kwa miguu!

Mlima bado unachimbwa. Ndani ya mashimo kuna sanamu lenye pembe, huitwa Tío, kwetu tungesema Mjomba. Wachimbaji humpa sigara, pombe na majani ya koka, kwa sababu huko chini mwenyeji ni yeye. Koka wenyewe wanaitafuna kutwa. Msinitolee macho, wa Meru mpo humu na mirungi yenu.

Naambiwa dakika tano. Haya: baada ya fedha yakaja madini ya bati, yakamfanya mwenye migodi Simón Patiño miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, mapinduzi ya 1952 yakataifisha migodi, 1985 bei ya bati ikaanguka, maelfu ya wachimbaji wakafukuzwa kazi, wengi wakahamia El Alto, mji jirani na La Paz. Katiba ya 2009 inatambua lugha 36 za wenyeji pamoja na Kihispania. Waafrika wa mabonde ya Yungas, wajukuu wa watumwa, na ngoma yao ya saya walistahili siku yao, nawaomba radhi.

Na sasa ni lithiamu, madini ya betri, chini ya jangwa la chumvi la Uyuni, kilomita za mraba zaidi ya 10,000. Wageni wameshapiga hodi, mikataba mkononi. Wa Uyuni wanauliza kuhusu maji yao na mgawo wao. Hilo la bahari sijasikia wakiliuliza.

Maswali. Mwalimu wa reale, wewe utakuwa wa mwisho.