Mkono wa kushoto ndio unaoshika bastola

Mhadhara kwa wamiliki wa silaha wenye leseni, Mwanza

Mwadila, ndugu zangu. Waliojibu ni wengi kuliko nilivyotegemea, basi Wasukuma bado tupo mjini. (Kicheko.)

Kabla ya lolote: humu ukumbini hakuna risasi hata moja. Zote zimefungiwa kwenye sanduku chini, na ufunguo anao mratibu. Mimi mwenyewe nimekaguliwa mlangoni, na nimefurahi kukaguliwa. Leseni mnazo, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 mnaijua, wengine mmeisomea mpaka mkaichoka. Lakini leseni inasema unaruhusiwa kuimiliki. Haisemi unajua kupiga.

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa na bastola fupi niliyoapa kwamba kilengeo chake kimepinda. Risasi zilikwenda chini kushoto, chini kushoto, kama zimetumwa. Nikampelekea fundi, akasogeza kilengeo cha nyuma upande wa kulia. Nikapiga, zikaanza kukaribia katikati, nikatembea kifua mbele wiki mbili. Kisha rafiki yangu akaiomba, akapiga tano kwa mita 7. Zote tano zilikwenda kulia, zimekaa pamoja hivi, unazifunika kwa kikombe cha kahawa. Akanirudishia akaniambia, "Mzee, nani amekuharibia bastola?" Nilikuwa nimemlipa fundi aharibu chuma kizima ili kifanane na mkono mbovu.

Sasa kwa nini mkono unaharibu hivyo? Chukueni bastola ya Glock 19, wengi hapa mnaifahamu. Mtutu wake ni milimita 102. Ikiwa na magazini tupu, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, haifiki gramu 700. Ijaze risasi zake 15, bado haifiki kilo. Lakini triga yake inataka nguvu ya karibu kilo 2.5 ndipo ifyatue. Mnaona hesabu hiyo? Kidole kimoja kinavuta mzigo unaozidi uzito wa chombo chenyewe mara mbili na zaidi. Kama hakuna kitu kilichoikamata bastola sawasawa, kidole hakivuti triga, kinavuta bastola nzima.

Na ufupi wake hausamehe. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni milimita 150 na kitu tu. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu, kwa mita 10 umekosea sentimita 6 na zaidi. Bunduki ndefu yenye nusu mita kati ya vilengeo vyake, kosa hilohilo linakuwa sentimita 2. Ndiyo maana mtu anapiga vizuri kwa bunduki halafu bastola inamdhalilisha mbele ya shemeji zake.

Tushike, basi. Hii niliyoinua ni ya plastiki, ya mazoezi. Bonde hili kati ya kidole gumba na kidole cha shahada lipande juu ya mpini mpaka lisipoweza kupanda tena. Sababu yake mnaijua toka utotoni ziwani. Kwenye mtumbwi, anayesimama anauyumbisha, anayeketi chini anautuliza. Mtutu ukikaa juu sana ya mkono wako ndiye yule aliyesimama: risasi ikitoka, pua ya bastola inaruka. Ukipandisha mkono, umemketisha. Ila angalieni gumba lisivuke nyuma ya slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda na kurudi. Kitakuchana, na hutasahau.

Sasa mkono wa kushoto. Hapa ndipo nataka tukae. Watu wengi wanauweka chini ya magazini kama wanashikilia kisahani cha chai. Haufanyi kazi yoyote pale. Tazameni upande wa kushoto wa mpini: mkono wa kulia ukishashika, panabaki nafasi tupu. Nafasi hiyo ijazwe na kitako cha kiganja cha kushoto. Vidole vinne vya kushoto vinazunguka juu ya vile vya kulia, vikisukumwa juu mpaka vigote kwenye kilinzi cha triga, kile kikuku kinachoizunguka. Gumba zote mbili zinaelekea mbele, zimelala, hazibonyezi kitu. Kifundo cha mkono wa kushoto kinainama mbele kidogo na kinakaza.

Kisha bana. Wa kushoto ndio ubane kwa nguvu. Wa kulia ushike kama unavyomsalimia mtu unayemheshimu, basi.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mvuta nyavu wa zamani, viganja vyake kama ngozi ya kiatu. Alibana kwa mkono wa kulia mpaka kucha zikawa nyeupe. Risasi zote chini. Tatizo ni kwamba vidole vya mkono mmoja ni ndugu: cha shahada kikianza kuvuta, hivi vitatu vya chini vinataka kumsaidia, vinakamua mpini, pua inainama. Ukikamua ng'ombe unataka vidole vishirikiane namna hiyo. Hapa hutaki. Nikamwambia alegeze kulia, nguvu zote azihamishie kushoto. Siku hiyohiyo risasi zilipanda katikati. Akanitazama kama nimemfanyia mazingaombwe.

Mama pale nyuma, uliza. … Anasema mkono wake ni mdogo, kidole kinafika kwenye triga kwa shida. Usikubali kuuzungusha mpini ili kidole kifike, maana mtutu utaacha kunyooka na mkono wako. Bastola nyingi za sasa zina migongo ya kubadilisha, yaani vipande vinavyovikwa nyuma ya mpini. Glock walianza kuitoa na toleo la nne mwaka 2010. Weka mgongo mwembamba. Na kama mpini ni mfupi mpaka kidole chako cha mwisho kinaning'inia hewani, tafuta magazini yenye kiongezeo chini. Ikishindikana, badilisha bastola. Usinunue udogo kwa sababu unaingia kwenye pochi.

Triga. Tumia nyama ya ncha ya kidole, si kwenye kiungo. Vuta polepole mpaka ule mlegeo uishe, utakutana na ukuta, pale triga inapokuwa ngumu. Hapo usisimame kufikiria. Endelea kuongeza shinikizo, moja kwa moja nyuma, mpaka ifyatuke yenyewe. Kilengeo kitatetemeka kidogo. Kiacheni kitetemeke! Hakuna mkono usiotetemeka. Anayesubiri kitulie kabisa ndipo ainyakue triga ndiye anayekosa, kwa sababu ule mnyakuo ni mkubwa kuliko mtetemo aliokuwa anauogopa. Macho yawe kwenye kilengeo cha mbele, kionekane wazi. Shabaha ikififia, sawa. Ukishafyatua, usirushe kidole nje. Achia polepole mpaka usikie "tik", na uanzie hapo.

Na woga? Upo. Risasi inatoka mtutuni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Teke unalolisikia, risasi imekwishaondoka. Kwa hiyo kinachokukosesha shabaha ni kule kujikaza kabla ya teke. Dawa yake, uwanjani, mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi bandia za mazoezi katikati ya za kweli bila kukuambia. Ukifikia ya bandia, mlio hakuna, na kila mtu ataona pua ya bastola ilivyozama. Utacheka kwa aibu. Mimi nilicheka.

Nyumbani mnaweza kufanya mazoezi makavu, yaani kufyatua bastola isiyo na risasi, dakika 10 kwa siku, lakini risasi ziwe chumba kingine, chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ikaguliwe kwa macho na kwa kidole, na mbele yako uwe ukuta wa tofali usio na mtu nyuma yake. Simu ikikukatisha, unaanza ukaguzi upya. Wenye bastola za .22, zile za risasi ndogo, msifyatue kavu hovyo, nyingi zinaweza kuharibika.

Sawa. Bastola hizi tatu mezani zimekaguliwa na watu wawili. Mje mkague wa tatu wenyewe. Tunaweka sarafu juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, unafyatua, sarafu isianguke. Mara 10 mfululizo. Ikianguka ya 9, unaanza moja.

Nani ana mia mbili? Nitarudisha.