Kuhamisha vipande kwenye sanduku la mazoezi: zoezi la kwanza la upasuaji wa matundu madogo

Ndugu mtazamaji, karibu. Video hii imeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari na wakufunzi wao, nayo inaonyesha zoezi moja tu, yaani kuhamisha vipande kutoka kigingi hadi kigingi, ambalo hutangulia mazoezi mengine katika mtihani wa stadi za msingi za upasuaji wa matundu madogo (ule unaofanywa kwa makoleo marefu na kamera kupitia matundu ya tumboni), ulioanzishwa Marekani na chama cha wapasuaji cha SAGES.

Anza na sanduku. Tafuta la plastiki lisilopitisha mwanga, lenye kina cha sentimita 20 hivi, ukate upande mmoja ili uweze kuingiza ubao. Toboa mfuniko matundu mawili yaliyoachana kwa takribani sentimita 15, kisha gundisha juu ya kila tundu kipande cha kandambili kuukuu na ukitoboe katikati kwa msumari mwembamba kuliko koleo lako. Usiiruke hatua hii, kwa sababu tundu tupu la plastiki huliacha koleo licheze ovyo, ilhali mpira hulishika mahali pamoja, jinsi ukuta wa tumbo ufanyavyo.

Kata dirisha dogo kati ya matundu hayo na uegemeze simu hapo, kamera ikitazama mbele na chini, upande uleule unaotazama wewe. Kamera ikikuelekea, kushoto na kulia hubadilishana kwenye kioo cha picha (skrini) na utajifunza mambo kinyume. Weka taa ndogo ya betri ndani. Unganisha simu na kioo kikubwa kwa waya, kwani muunganisho usio wa waya mara nyingi huichelewesha picha, na ucheleweshaji mdogo tu unatosha kuharibu zoezi zima. Kioo kiwe mbele yako moja kwa moja, chini kidogo ya usawa wa macho, nawe usimame viwiko vikiwa karibu na mwili.

Kwa ubao, pigilia misumari 12 isiyo na vichwa iwe vigingi, sita kila upande, na ukate mpira wa bomba la maji vipande sita vifupi. Uweke ubao mahali ambapo ncha za makoleo mawili hukutana kwa pembe ya nyuzi 60 hivi.

Kabla ya kugusa kipande chochote, zungusha makoleo ndani ya sanduku na uangalie yanavyokwenda. Ukipeleka mkono kulia, ncha huenda kushoto. Ukiuinua, ncha hushuka. Lakini kusukuma, kuvuta na kusokota havigeuki. Kadiri koleo linavyozama ndani ndivyo mwendo mdogo wa mkono unavyokuwa mkubwa kwenye ncha. Aidha, picha ya kioo haina kina, kwa hiyo ujizoeze kuupima umbali kwa kugusa polepole shina la msumari na kwa kufuata kivuli cha koleo. Wakufunzi wengi huharakisha sehemu hii. Kwa maoni yangu ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote.

Sasa inua kipande cha kwanza kwa mkono usio na nguvu (yaani ule usiouzoea kwa kazi), ukipokeze mkono wa pili kikiwa hewani bila kugusa ubao, kisha ukivishe kigingi cha upande wa pili. Vyote sita vikishahama, virudishe, safari hii ukianza na mkono wenye nguvu. Kipande kikianguka mahali kinapoonekana, kiokotwe na mkono uleule uliokiangusha. Kikitoka nje ya picha, kiache na kihesabiwe kosa.

Mkufunzi aangalie macho ya mwanafunzi kabla ya mikono yake, maana anayechungulia sanduku bado hajaanza kujifunza. Saa isitumike hadi mikono yote miwili itulie. Kikomo cha mtihani ni sekunde 300 kwa kwenda na kurudi. Mwanafunzi anayemaliza ndani ya muda huo, bila kupoteza kipande, awekewe shashi iliyochorwa duara na aanze kuikata kwa kufuata mstari.