Wananchi Hawaitwi Mwishoni

Ndugu zangu, hili nimelisema katika kumbi nyingi na leo nalirudia: ukiwaita wananchi mipango ikiwa imeshapitishwa, unawatangazia tu.

Habari za Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), mnazijua. Nataka tubaki mji wa Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wa pale walikuwa wakichinjwa usiku, wanazika, wanalia, msaada hawauoni. Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, barabara zikajaa Landkruza za Riposte, yaani operesheni ya kupambana na Ebola. Mtu akauliza: kumbe magari yalikuwepo? Swali la mtu mwenye akili timamu! Sisi wa afya tukaliita uvumi. Desemba, uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola na usalama vikitajwa kuwa sababu, huku makanisa na masoko yako wazi. Watu wakaandamana, kituo cha Ebola kikavamiwa. Februari 2019 ikawa zamu ya vituo vya Katwa na Butembo. Aprili, Daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni akapigwa risasi hospitalini Butembo, akafa. Siwatetei wauaji hata kidogo. Nauliza hasira ile ilipikwa na nani.

Mtaniambia virusi havisubiri vikao. Na mgonjwa anayefichwa chumbani, je? Na maiti inayooshwa kwa siri usiku? Kukaa asubuhi moja na wakuu wa mitaa, wachungaji, maimamu na mama wa sokoni ni gharama gani?

Angalieni kile chumba cha plastiki angavu kilichotumika Beni. Mgonjwa yuko ndani. Muuguzi yuko nje, anapenyeza mikono kwenye glavu ndefu zilizoungwa ukutani. Mama anasimama palepale, anamwona mwanawe, wanaongea. Kabla ya hapo ndugu yako alipita nyuma ya uzio, akarudi ndani ya mfuko. Nani asingesema watu wanauliwa mle?

Muda unanibana. Mazishi: familia ione uso, isali, ichague kaburi. Waliopona, wale waliolea watoto wa wagonjwa kwa kuwa miili yao ina kinga, wapewe mikataba na mshahara. Chanjo, waliyopata zaidi ya watu 300,000, inataka mhadhara wake. Mlipuko ulitangazwa kwisha 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa.

Maswali sasa. Tuanze na wahudumu wa afya ya jamii waliokaa kule nyuma. Tangu asubuhi hakuna aliyewapa kipaza sauti.