Amri Ikizeeka, Nani Aiondoe na Vipi?

Ndugu zangu waandaaji wa programu, habari za jioni. Naanza na Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kwa kuwa wengi wenu mmeigusa leo kabla ya kuja hapa.

Kuna amri iitwayo `git whatchanged`, ya kuonyesha mabadiliko yaliyofanywa, kongwe kuliko hata `git log`, inayoonyesha historia hiyo. Siku hizi ukiandika `git log --raw --no-merges` unapata yaleyale. Basi ifutwe? Msifanye haraka. Kufuta msimbo hakuchukui muda. Kazi ipo kwa watu msiowajua, walioitia ndani ya skripti inayojiendesha usiku kwenye seva fulani, na aliyeiandika pengine alishahama kazi.

Mwaka 2022 toleo la 3.8 la GNU grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, lilianza kutoa onyo kila mtu anapotumia `egrep` au `fgrep`: zimepitwa na wakati, tumia `grep -E` na `grep -F`. Mstari mmoja tu! Lakini zipo skripti zinazohesabu neno lolote kwenye mkondo wa makosa (njia ambayo programu hutolea maonyo na makosa) kuwa hitilafu, nazo zikafeli ilhali utafutaji wenyewe ulikuwa sawa. Wenye grep hawakukurupuka. Walishatangaza tangu 2007. Sasa nani anafungua mwongozo wa amri anayoijua kwa moyo? Git nao yaliwakuta 2008, toleo la 1.6.0 lilipoziondoa amri zilizoandikwa kwa kistari, kama `git-commit` badala ya `git commit`, mahali zilipozoeleka. Tangazo lilikuwepo, na kelele zikawepo vilevile.

Ndiyo maana napenda walichofanya na `whatchanged` katika toleo la 2.51, mwaka 2025. Amri inagoma, na kama huna budi unaongeza `--i-still-use-this`, yaani unakiri kwamba bado unaitumia, huku ukiombwa uwajulishe watengenezaji. Onyo linapuuzwa miaka. Mgomo unaonekana siku hiyohiyo, na kazi yako haijafungiwa mlango. Najua wapo watakaobandika hilo neno na kunyamaza. Hao hata mimi sina dawa yao.

Ila msiipeleke njia hii kwenye kila amri. `git checkout`, ya kuhamia tawi jingine la kazi au kurejesha mafaili, ilipata `git switch` na `git restore` mwaka 2019, zikagawana kazi zake kubwa, na yenyewe ingali ipo. Iacheni. Ukiigomesha hiyo, utakuwa umesimamisha kazi za nusu ya watu waliomo humu ukumbini, mimi nikiwemo.