Mwaka huu tena sijaenda kuhesabiwa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na Wakatoliki wangu Tumsifu Yesu Kristo, shikamooni wakubwa zangu wote mnaoniangalia kutoka nyumbani. Samahani kwa giza, hapa siyo usiku jamani, ni saa kumi jioni hapa Hamburg, Ujerumani, na jua ndo limezama hivyo, Desemba huku liko hivi, linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi limeondoka, na sisi tunaofanya kazi ya kuhudumia wazee unaweza ukaingia kazini giza ukatoka giza wiki nzima. Ila taa sijawasha makusudi, nataka muone hii mishumaa. Ngoja nisogeze simu. Mnaiona? Mitatu inawaka, mmoja bado, leo Jumapili ya tatu ya Majilio, zile Jumapili nne za kuingojea Krismasi.

Jana mdogo wangu kanitumia video yuko pale stendi ya mabasi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, mabegi, ndoo, watoto wamelalia maboksi, watu wanagombania siti za Moshi na Arusha, nikaiangalia mara nne. Nilitamani hata ule vumbi na kelele za wapiga debe. Mnajua tunavyotaniwa Wachaga kila Desemba, eti haya wanaenda kuhesabiwa, yaani tunarudi kwetu Kilimanjaro kwa Krismasi, mji unabaki mtupu, na sisi wenyewe tunasema hivyohivyo, unaenda kuhesabiwa mwaka huu au huendi? Mimi huu ni mwaka wa tano sijahesabiwa.

Sasa nimekaa na Luka sura ya pili, ile tuliyokaririshwa Sunday school tukiwa hatujui hata maana, nikafika pale, "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Nikasimama hapo. Yaani Krismasi ya kwanza kabisa watu walikuwa wanaenda kuhesabiwa kweli! Barabara zimejaa, Yusufu ana safari, mke ana mimba ya kujifungua leo kesho, wanafika nyumba ya wageni imejaa. Purukushani tupu. Na Mungu hakusubiri ile purukushani iishe ndo aje, alikuja mulemule ndani yake.

Nawaambia hivi kwa sababu mwaka jana mimi niliipoteza Krismasi na nilikuwa nasingizia ratiba. Nilichukua zamu za ziada karibu mwezi mzima, hela ya mbuzi nitume, ada za Januari nitume, bati za jiko la mama nitume, nguo za watoto, simu kila saa inaita, na huku nako zawadi za mwanangu, sherehe ya shule, keki za kupeleka, foleni madukani maana tarehe 24 ikifika saa nane mchana kila kitu kinafungwa. Tarehe 25 asubuhi nikakaa kitandani nivae viatu niende ibadani, nikasinzia hapohapo na kiatu kimoja mguuni, nimeshtuka saa tisa mchana. Kanisa lilishaisha zamani. Na kilichoniuma siyo kulikosa kanisa, usingizi ni usingizi, kilichoniuma ni kwamba nilipojaribu kukumbuka lini mara ya mwisho mwezi ule niliomba nikiwa nimetulia, sikupata hata siku moja. Nilikuwa nimetuma kila kitu kwa jina la Krismasi na mwenyewe Krismasi sijamsalimia. Nililia wapendwa.

Kwa hiyo mwaka huu nimeanza mapema, na nimeanzia kwenye hili shada. Wengi mmeliona makanisani huko KKKT, kwetu Walutheri, matawi ya kijani na mishumaa minne, mkadhani ni pambo tu. Lilianzia hapahapa Hamburg. Mwaka 1839, mwanatheolojia mmoja wa Kilutheri anaitwa Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini kwenye nyumba inayoitwa Rauhes Haus, na wale watoto kila siku wanamsumbua, Krismasi bado? bado tu? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, kila siku unawashwa mmoja, wanahesabu wenyewe. Matawi yamekuja kuongezwa baadaye. Na ni Wajerumani haohao, wamisionari wa Leipzig, waliofika kwetu Kilimanjaro mwaka 1893 wakaanzia Machame, kwa hiyo mimi binti wa Machame nikiwasha mshumaa Hamburg naona kama nimefuata nyayo kurudi zilikotoka.

Tunachofanya ni kidogo sana. Jumapili jioni simu inaingia kwenye droo, ya kwangu na ya baba wa mwanangu, mtoto anawasha mshumaa mimi nimemshika mkono, tunasoma mistari michache, anayetaka kuomba anaomba, dakika kama ishirini hivi basi. Hela ya nyumbani nimetuma yote wiki ya kwanza ya Desemba, nikamwambia mama, mama kuanzia sasa Jumapili nakupigia tusome tu, mambo ya hela tuongee Jumatatu. Akanyamaza. Nikajua nimekosea. Halafu akasema, "Mwanangu, nilikuwa nashindwa kukuambia. Kila ukipiga nakuta tumeshamaliza bei ya mbuzi na salio lako limeisha, hata sijakuuliza kama unasali." Kumbe mama naye alikuwa anangoja!

Na nyie mlio ughaibuni wenzangu, na nyie mlio nyumbani mnaotupigia, naomba mnisikilize hapa, siyo kwamba msituombe, shida zipo tunazijua na tunatuma kwa moyo. Ila mpigie ndugu yako hata mara moja Desemba hii umuulize anaendeleaje na Mungu wake, kisha ukate simu. Hujui utakuwa umemwokoa na nini. Huku upweke wa mwezi huu ni mkali, baridi, giza, kila dirisha lina taa na ndani wako familia za watu.

Halafu kuna neno ndani ya Luka lilinishika kuliko yote. Wale wachungaji, Biblia yetu inasema walikuwa makondeni "na kulinda kundi lao kwa zamu usiku". Kwa zamu! Neno lilelile ninalotumia nikiwasimulia nyumbani ratiba yangu ya kazi. Malaika hakwenda kwa waliopumzika, alikwenda kwa watu walio kazini usiku, wana usingizi, wananuka kondoo. Nilivyopangiwa zamu ya tarehe 24, saa nane mchana mpaka saa tatu usiku, nilikuwa nimeshanuna, na huku tarehe 24 jioni ndo Krismasi yenyewe. Nikarudia ule mstari nikaacha kununa.

Kuna bibi mmoja kule kazini, ana miaka tisini na moja, hapati mgeni. Juzi namfunga vifungo vya sweta akaniuliza, nyie kwenu mnasoma nini usiku wa Krismasi? Nikamwambia Luka wa pili. Akashika kidole changu, akaanza kuisema kwa kichwa, kwa Kijerumani cha zamani, taratibu, alipokwama akanitazama mimi nimalizie, nami Kijerumani changu kikaishia hapo nikamalizia kwa Kiswahili, akamvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe. Hakuelewa neno hata moja na alikuwa anaitikia kwa kichwa mpaka mwisho. Tumekubaliana tarehe 24 baada ya chakula cha jioni tunaisoma yote, yeye chake mimi changu. Nikitoka saa tatu nina ibada ya saa tano usiku, baba wa mwanangu atanikuta mlangoni pa kanisa na mtoto kama hajalala.

Nyie mnaopanda kwenda Kilimanjaro, mfike salama, msiwaharakishe madereva. Tarehe 25 nendeni ibadani kwanza, mbuzi atasubiri, na mnada wa baada ya ibada mninunulie mkungu mmoja wa ndizi muwape jirani. Mnihesabu na mimi.

Haya, huyu mwanangu ananivuta sweta anataka kuzima mishumaa. Subiri mama, tuombe kwanza.