Wakili mmoja, wateja wawili

Mawakili wenzangu, hasa ninyi mlioapishwa juzi, nianze na bahasha. Muuzaji na mnunuzi wa kiwanja wanaingia ofisini kwako wakicheka, ada yako imo ndani ya bahasha moja. "Sisi hatuna ugomvi, mheshimiwa, tuandikie tu mkataba." Unaandika, unagonga muhuri. Sasa kumbe mwaka jana wewe ndiye uliyemwandalia muuzaji hati za rehani, na kiwanja ni kilekile. Ukimwambia mnunuzi, umetoa siri ya mteja. Ukinyamaza, umemwingiza mteja mwingine shimoni. Na hilo shimo umelichimba wewe.

Mtasema nimetunga. Haya, twendeni Uingereza. Kampuni moja ya mawakili ilisimamia pande zote mbili za mauziano: mjenzi wa fleti, na mtu aliyeahidi kuzinunua. Mawakili walijua kwamba mnunuzi huyo ametoka kifungoni kwa udanganyifu. Alikuwa mteja wao hata wakati ule. Tena pauni 25,000 alizotakiwa kutanguliza zilitoka kwao! Mjenzi hakuambiwa lolote. Mnunuzi akashindwa kulipa, mjenzi akaangamia kibiashara. Mwaka 2005 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho kule, ilikataa kujitetea kwao kwamba siri ya mteja iliwafunga mdomo. Majukumu mawili yasiyopatana waliyabeba wenyewe, basi walipe.

Ndiyo maana ile methali ya mshika mbili huwa hainitoshi. Mle kinachoponyoka ni chake. Huku kinachoponyoka ni cha mteja, na ada wakili ameshatia mfukoni.

Fidia mtu ataidai mahakamani. Kamati ya Mawakili, chini ya Sheria ya Mawakili ya hapa Tanzania, Sura ya 341, inashughulika na wewe: kukuonya, kukusimamisha, au kulifuta jina lako kwenye orodha ya mawakili. Anayeongoza kikao ni jaji, na kisingizio cha "wateja walikubali wenyewe" amekisikia mara nyingi.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, wilaya ina wakili mmoja, afanyeje? Karani afungue kwanza daftari la wateja, ayatafute majina yote mawili. Kisha chagua mmoja kabla hamjaketi. Yule mwingine mpe barua kwamba humwakilishi, na nakala ya rasimu akasomewe na wakili mwingine, hata kama ni safari ya basi kutwa nzima. Saini zitasubiri hadi arudi.