Wasabato, na Ile Nusu ya Jina Tunayoiacha

Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zetu Wakatoliki mlioko hapa, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nieleze Waadventista Wasabato wanaamini nini ambacho sisi Wakristo wengine hatukiamini. Mimi ni Mlutheri, mzaliwa wa Upare, na mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mzee wa kanisa kwa Wasabato. Milima yetu ndiko kanisa hilo lilikoanzia hapa Tanzania, mwaka 1903, kwa wamisionari waliotoka Ujerumani. Wa Kilutheri nao walikuwa huko huko. Ndiyo maana ukoo wetu una watu wa Jumamosi na watu wa Jumapili, na wote tunazikana.

Muulize mtu yeyote kituoni, Msabato ni nani? Atakwambia anasali Jumamosi na hali kitimoto. Mtu wa kanda ya ziwa ataongeza kambale, maana Walawi 11 inataka samaki mwenye mapezi na magamba. Sato anayo magamba, kambale hana. Yote kweli. Lakini jina lao kamili ni Waadventista Wasabato, nasi tumelikata tukabaki na kipande cha mwisho. Kile tulichokitupa maana yake ni watu wa marejeo, watu wanaomngoja Kristo arudi. Mimi nasadiki kwamba tofauti kubwa iko katika kipande hicho, wala si katika nyama.

Tuanze na siku, maana msiposikia habari ya siku hamtanisikiliza. Kiswahili chenyewe kinampa mhubiri wa Kisabato kazi ya ziada. Sisi tumehesabu siku zetu kutoka Ijumaa, kwa hiyo inayofuata tukaiita Jumamosi, ya kwanza. Sasa asimame mtu awaambie wasikilizaji kwamba Jumamosi ndiyo ya saba! Lazima kwanza awafundishe hesabu ya Biblia. Akisema kwamba Sabato inaingia Ijumaa jua likizama, hapo wazee wa pwani wanamwelewa upesi, maana nao tangu zamani siku yao huanza magharibi. Mjomba alikuwa akifunga kiduka chake Ijumaa mapema, na mke wake amekwisha kupika chakula cha kesho. Kesho yake asubuhi alishika Biblia na lesoni yake, kile kijitabu cha masomo ya Biblia, akaenda Shule ya Sabato. Biashara ilingoja hadi jua lizame tena.

Hata hivyo Sabato si yao peke yao. Walijifunza kwa Wabaptisti wa Siku ya Saba, na Waorthodoksi wa Ethiopia wanaheshimu Jumamosi na Jumapili pia. Nimewasikia Wasabato wakihubiri kwamba Konstantino, kaisari wa Roma, ndiye aliyeihamisha ibada kwenda Jumapili kwa amri yake ya mwaka 321. Hapo siwafuati. Justino Mfiadini, karne ya pili, tayari anaeleza Wakristo wakikusanyika Jumapili. Konstantino aliipa siku hiyo nguvu ya sheria tu. Lakini swali lao linabaki, na sisi Waprotestanti tunaosema "Biblia pekee" tunapaswa kulijibu bila hasira: amri ya Sabato imebadilishwa na andiko lipi?

Lililo lao peke yao ni 1844. William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani, alisoma Danieli 8:14, kwamba baada ya jioni na asubuhi 2,300 patakatifu patatakaswa, akazihesabu kuwa miaka kuanzia 457 K.K., akaamini kutakaswa huko ndiko kurudi kwa Kristo. Wafuasi wake wakaingoja Oktoba 22, 1844. Kristo hakuja. Watu walilia usiku kucha. Wengi walirudi makwao, lakini wachache walisema hesabu ni sahihi, tukio ndilo walilolikosea: patakatifu panapotakaswa ni pa mbinguni, na Kristo ameanza huko kazi ambayo wao huiita hukumu ya upelelezi, yaani kuyachunguza maisha ya watu kabla hajarudi. Kati yao alikuwamo binti wa miaka 16, ambaye baadaye tulimjua kama Ellen White, na ambaye wanaamini alipewa karama ya unabii. Kanisa likaundwa rasmi mwaka 1863. Fundisho hilo la 1844 makanisa mengine hayalikubali, nami sijalikubali.

Sasa nije kwenye lile lililonigusa mwenyewe.

Mjomba alipofariki, msiba ulijaa watu wa kila dhehebu. Sisi tulisema tulivyozoea: ametangulia, yuko kwa Baba, anatuangalia. Mchungaji wa Kisabato hakusema hivyo hata mara moja. Alisema, amelala. Akasoma Mhubiri 9:5, "wafu hawajui neno lolote," kisha Yohana 11, Yesu akisema Lazaro amelala. Kwao mtu hana roho isiyokufa inayoruka kwenda mahali. Anangoja kaburini, bila kujua muda unapita, mpaka ufufuo siku Kristo atakaporudi. Na waovu mwisho wao ni kuangamia kabisa, si kuchomwa milele.

Mnaona basi kwa nini marejeo ni kila kitu kwao? Sisi Kristo akichelewa, marehemu wetu tayari yuko pema. Kwao, asiporudi, hakuna aliyefika. Na katika milima ambako mababu walihifadhi mafuvu ya wazee na kuyapelekea tambiko, fundisho kwamba wafu hawajui lolote halikuwa jambo dogo.

Niliwahi kumuuliza mjomba juu ya yule mwizi msalabani: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Akaniambia Kigiriki cha kale hakikuwa na mkato, uweke baada ya "leo" uone. Wataalamu wengi hawauweki hapo. Lakini Luther wetu mwenyewe aliandika mara nyingi juu ya kifo kama usingizi, jambo ambalo sikulisikia kipaimara.

Mama aliumia sana siku ile ya mazishi. "Kwa hiyo kaka yangu hayuko popote?" Hakuna aliyemjibu. Miaka miwili baadaye watoto wa mjomba waligombana juu ya shamba, wakafikishana barazani. Mama, Mlutheri hadi leo, alirudi kutoka huko jioni, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu. Akasema, "Kama amelala kweli, basi hili hakuliona."